Shabiki Aliyeomba Wimbo Urudiwe

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa. Jambo hili sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni kwa Mama Nyadoi, Tororo, Uganda, na lilitokea Jumapili alasiri, jua bado linachoma mabati. Watu wamezoea kwamba mambo haya huja usiku. Huyu wetu hakusubiri giza.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Busia, upande wa Kenya. Wiki nzima nashinda nikikimbizana na makaratasi ya malori. Jumapili ndiyo yangu, na Jumapili zangu nilikuwa nimezitoa kwa Mizani Jazz. Kama umezaliwa juzi huwezi kuijua. Ilikuwa bendi ya mpakani, wanamuziki wa huku na wa kule, na sifa yake kubwa ni kwamba haikupiga wimbo kwa namna ileile mara mbili. Wimbo uliokuwa mfupi Malaba, ukifika Nagongera unarefuka mpaka wachezaji wanavua viatu. Gitaa linaanza kutafuta njia, ngoma zinalifuata, na hakuna aliyejua, hata wao wenyewe, watatokea wapi. Studio hawakuwahi kuingia. Kilichobaki ni kanda tu, maana Owor, aliyekuwa mwimbaji na mpiga gitaa wao, alikuwa na mazoea ya kurekodi kila onyesho kwa redio kaseti yake.

Owor alipofariki, kanda zilibaki kwa mkewe, Mama Nyadoi, sanduku zima la bati. Alikaa nazo miaka mingi bila kuzigusa. Sisi mashabiki ndio tuliomshawishi azitoe. Tulikuwa mimi, na Wandera, fundi redio wa Busia ya Uganda ambaye alikuwa akizihamishia kwenye kompyuta, na Mzee Ekisa, Mteso aliyepiga ngoma katika bendi ileile mpaka mikono ikamkataa. Tulikubaliana kwamba tutasikiliza kanda zote, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho, kabla kuvu halijazimaliza. Mzee Ekisa alikuja na chungu chake cha malwa, ile pombe ya ulezi, na mirija ya kuinywea. Mama Nyadoi alichemsha njugu. Halafu tulibishana.

"Hii ya Malaba ni tamu kuliko ile ya Bumala," mimi nasema.

"Wapi, dada! Hapa besi iko nalala," Wandera anajibu.

Ilikuwa raha, nakwambia.

Sasa, katika kila kanda kulikuwa na mtu mmoja. Wimbo ukikaribia kwisha, katikati ya vigelegele na miluzi, anasema, "Rudia." Hapigi kelele kama mlevi. Anaomba, kama mtu mwenye kiu anayeomba maji. Na bendi ilimrudia. Iwe Malaba, iwe Busia, mtu huyo alikuwepo. Tulimzoea, tukawa tunamsubiri na kucheka akitokea. Mzee Ekisa peke yake hakucheka. Nilimuuliza kama alimfahamu.

"Mashabiki walikuwa wengi," akanijibu, akaurudia mrija wake.

Siku moja Wandera aliweka kanda iliyorekodiwa katika ukumbi mmoja karibu na stesheni ya reli, hapohapo Tororo. Katikati ya wimbo Owor aliacha kuimba, gitaa likiendelea polepole, akasema kwenye maikrofoni, "Athieno, usifunge mlango. Nakuja."

Athieno ndilo jina la Mama Nyadoi alilopewa na wazazi wake. Sisi sote tulimwita kwa jina la binti yake. Aliyekuwa akimwita Athieno alikuwa chini ya udongo. Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha yule mtu kwenye kanda akasema, "Rudia," na Mama Nyadoi naye akasema, "Wandera mwanangu, rudisha."

Tukarudisha. Ungekataa wewe? Tulirudisha palepale mpaka jioni, na siku hiyo hatukufika mwisho wa kanda. Tulipoondoka, aliomba abaki nayo.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa taabu. Wiki chache baadaye Nyadoi alinipigia simu kutoka Kampala. "Anti, mama hapokei simu. Nenda ukamwone, tafadhali." Nilimkuta amekonda, magauni yanamning'inia. Magugu yalikuwa yamefunika mihogo yake. Jirani aliniambia redio inaanza kulia asubuhi na wimbo haufiki popote, unaimba kidogo, unakatwa, unaanza tena. Nilimsihi anipe kanda ile.

"Mwanangu," akasema, wala hakukasirika, "ukiitwa na mtu wako, utakataa kuitika?"

Nikamwachia kanda yake. Lakini nikiwa kwenye bodaboda kurudi stendi, vumbi la kiwanda cha saruji likinigonga machoni, niliamua. Jumapili inayofuata kanda ile ingepigwa mpaka mwisho, mbele ya Mama Nyadoi, kisha ingewekwa nyingine. Nilimpigia Wandera.

"Dada, mimi naogopa," akasema. "Hiyo kanda iko na kitu. Ile siku ya kwanza nilijaribu kuhamisha. Inafika pale kwa 'rudia', mashine nazima yenyewe."

"Jumapili haitazima," nikamwambia.

Basi tulikwenda. Mzee Ekisa alikuja na malwa yake, na ninajua unachowaza. Mimi sinywi. Mbele yangu kulikuwa na chai.

Wandera alibonyeza. Wimbo ukaanza, ukapanda, Owor akasema maneno yake. Mama Nyadoi aliunyoosha mkono kwenye redio, nami nikaushika. Ulikuwa mwepesi kama mkono wa mtoto.

"Rudia," sauti ikasema.

Haikutoka kwenye redio. Ilitoka nyuma yangu.

Niligeuka. Karibu na mlango alikuwa ameketi mwanamume wa makamo, suti ya kahawia iliyopigwa pasi, suruali pana chini kama zilivyovaliwa zamani, leso imekunjwa juu ya goti. Hakuna aliyebisha hodi. Hakuna aliyemwona akiingia, na mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, nililifunga mwenyewe. Nilimwangalia miguu, maana ndivyo tulivyofundishwa. Ilikuwa miguu ya mtu. Uso ulikuwa wa mtu pia, mpole, wa mtu anayeona haya kusumbua.

"Samahani, wenyeji," akasema. "Rudieni pale kidogo."

Na Wandera akarudisha! Niliuona mkono wake ukienda, na macho yake hayakuwa yakiuangalia. Owor akaita, mtu yule akaomba, Wandera akarudisha. Niamini, hata mimi nilitaka. Kulikuwa na utamu pale ambao siwezi kukueleza, kama usingizi wa alfajiri ya mvua. Kila tuliporudi, mwili ulizidi kuwa mzito, na sababu ya kukataa ilizidi kwenda mbali.

Kilichoniamsha ni treni. Kulikuwa na treni inapiga honi kule stesheni, honi ndefu, ikakatika ghafla. Kanda iliporudishwa, ile honi ikaanza upya, ikakatika palepale. Ikaanza tena. Ikakatika tena. Ndipo nilipoelewa kwamba si kanda peke yake iliyokuwa ikirudi nyuma. Sisi sote tulikuwa tunarudishwa.

Nilimtazama Mama Nyadoi. Kidevu kilikuwa kimegusa kifua, midomo imekauka, pumzi fupifupi. Yeye alikuwa amerudishwa hivi kila siku, majuma mangapi, peke yake! Nikajiambia, tukirudi mara nyingine huyu mama hatoki.

Nikasimama. Miguu ilikataa, nikailazimisha, kama unavyotembea matopeni. Nilimsukuma Wandera kwa bega, nikafunika vitufe vya redio kwa viganja vyote viwili.

"Haturudii," nikasema.

Mtu yule akainuka. Alikuja taratibu, bila kishindo, bila harufu yoyote, hata ya jasho wala ya nguo. Akainama kwenye sikio langu la kushoto.

"Binti," akasema, "ikiendelea, mimi nitakwenda wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa vitisho. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Alikuwa anauliza kweli, na moyo wangu ulimwonea huruma, siwezi kukudanganya. Lakini viganja sikuviondoa.

"Sijui, mzee wangu. Ila kwa mama huyu hutakaa tena."

"Rudia," akaninong'oneza, na ubaridi ukaniingia sikioni kama maji ya kisima. Kanda ilianza kukwama. Sauti ya Owor ikawa inavutika, inalegea, inataka kufa.

Nikapiga kelele, "Mzee Ekisa! Baada ya hapo mlipiga nini? Wewe ulikuwepo! Baada ya hapo kuna nini?"

Mzee alikuwa analia na mrija mdomoni. Aliutema. Akakivuta chungu cha malwa katikati ya magoti, na vidole vyake vibovu vikaanza kugonga ubavuni mwa chungu. Kwanza vilipapasa. Kisha vikakumbuka. Alikuwa anagonga kitu ambacho kanda ilikuwa haijakifikia, ngoma za mbele, za kumalizia, alizozipiga yeye akiwa kijana.

"Tuligeuza hapa," akasema, meno yameumana. "Owor aliita, sisi tukageuza. Hivi! Hivi!"

Na kanda ikamfuata. Wallahi ilimfuata, kama ng'ombe anayefuata kengele ya mwenzake. Gitaa likainuka, besi ikaingia, wimbo ukavuka pale ulipokuwa umekwama ukaenda mahali ambapo hakuna aliyekuwa amewahi kupasikia tangu usiku ule ukumbini. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kuliko pale tulipokuwa tunaparudia, basi tu hatukujua. Na ulipofika ukingoni, Owor akacheka kwenye maikrofoni, akasema, "Athieno, funga mlango ulale. Hawa watu hawataki kuniachia."

Mama Nyadoi akainua kichwa. Machozi yalimtoka na kicheko kikamtoka papo hapo.

"Mwongo huyu!" akasema. "Kila siku alinichelewesha, kila siku!"

Mtu yule alikuwa bado kando yangu. Alisikiliza noti ya mwisho mpaka ikapotea, mdomo wazi, kama mtoto anayeona treni kwa mara ya kwanza. "Kumbe," akasema. "Kumbe inakwisha hivyo."

Kule stesheni ile honi ikalia mpaka mwisho wake. Nilipogeuza shingo hapakuwa na mtu, na komeo lilikuwa mahali pake.

Mzee Ekisa ndipo akatuambia. Mtu huyo aliwafuata kila walipopiga, na jina lake hawakuwahi kulijua. Usiku ule karibu na stesheni aliomba wimbo urudiwe, wakamrudia kidogo kisha wakageuza, na ulipokwisha ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi isipokuwa yeye. Walipomgusa alikuwa ameshapoa. Alikufa wimbo ukiwa katikati. Hawakuupiga tena kamwe.

"Na miezi yote hii umenyamaza, mzee?" Wandera akamuuliza.

"Nilifikiri nikinyamaza, naye atanyamaza," akasema.

Jumapili iliyofuata Wandera alitaka tuache. Mimi nilikataa, na Mama Nyadoi akakataa kunishinda mimi. Alikuwa amekula, alikuwa amepalilia, na kanda ya siku ile aliiweka kwa mkono wake mwenyewe. Tulizisikiliza zote zilizobaki. Sauti ya kuomba hatukuisikia tena katika hata moja, ingawa baadhi zilirekodiwa alipokuwa bado hai, na hilo mpaka leo hatulielewi.

Mimi nililipia kidogo. Sikio langu la kushoto, lile aliloninong'oneza, halisikii muziki. Linasikia watu, linasikia malori, linasikia mvua. Lakini weka wimbo wowote, hata wa kanisani, upande huo ni kimya kabisa. Daktari alimulika, akapima, akasema sikio ni zima. Nimezoea. Nageuza kichwa, nasikiliza kwa la kulia.

Nawe unayenisikiliza, najua una sauti ya marehemu wako kwenye simu. Siku hizi nani hana? Isikilize, si dhambi. Ila isikilize mpaka mwisho, kisha weka simu chini ukapike, ukalime, ukalale. Na siku ukiona kidole chako kinarudisha palepale, palepale, na chakula kimepoa mezani, usijidanganye kwamba ni mapenzi tu. Geuka kwanza, uangalie ni nani mwingine anayesikiliza.