Nusu ya Maneno ya Baba

Kila nikipita Mtaa wa Sikukuu, pale mafundi wanapotengeneza vyerehani, harufu ya mafuta yale mepesi hunisimamisha. Wabeba mizigo hunipigia kelele, "Dada, pisha!", nami niko mbali, uani kwetu, Jumapili baada ya kanisa, namtazama Baba ameweka bunduki mapajani anaipaka mafuta ya cherehani kwa kipande cha fulana kuukuu. Mafuta ya bunduki yenyewe yalikuwepo madukani, lakini Baba alikuwa Mchaga mfanyabiashara. Hakuona sababu ya kulipa zaidi kwa kitu kinachoteleza vilevile.

Duka letu liliuza mabomba na koki, na wateja walimwita Mangi, kama wanavyomwita kila Mchaga mwenye duka Kariakoo. Wachache walijua kwamba kila msimu Mangi alikata kibali cha kuwinda, akaenda na wenzake pori la kusini, akarudi na nyama ya swala iliyokaushwa kwa moshi. Mama aliipika na ndizi Jumapili, wawindaji wakaja uani kula na kusimulia. Jirani yetu Bwana Haresh, Mhindu muuza vitambaa, hakugusa nyama ya aina yoyote. Siku hiyo alifunga madirisha yake yote, kisha akawaazima wawindaji viti. Alisema anapenda hadithi za porini, harufu yake ndiyo inamshinda.

Mimi pori nililijua kupitia kwa mjomba Elia, mdogo wake Mama, aliyekuwa askari wa wanyamapori kulekule Baba alikowinda. Mwaka mmoja alikuja likizo na viatu vilivyofungwa kwa waya. Mama alimpeleka Mchikichini kumtafutia buti za mtumba, nami nikawafuata. Tulizunguka mpaka nyayo zikawaka moto, maana miguu ya mjomba ilikuwa mikubwa kuliko ya Wazungu waliozivua buti zile. Tulicheka njia nzima.

Nyumbani, mezani, hakucheka tena. Alimweleza Baba kwamba swala wamepungua sana, majangili wanaingia na pikipiki, na gari la kambi linashinda limeegeshwa kwa kukosa mafuta.

"Shemeji, ninyi mnalipia vibali kila msimu," alisema. "Hela ile inaishia wapi? Sisi kule hatuoni ila matone."

Baba alisukuma sahani yake pembeni. Mama alimwangalia, akaitoa.

Baada ya hapo Jumapili zetu zilibadilika. Wawindaji walipokuja, Baba hakutaka tena hadithi za nani alipiga nini. Alitaka waende wote kwa wakubwa wa wanyamapori wakaseme mambo mawili: wapunguziwe wanyama wa kuwinda ili swala wazaliane, na fedha ya vibali ifike kambini, iwe mafuta, matairi na buti. Wengine walikubali. Wengine walimwona amerukwa na akili, mwindaji anayeomba kunyimwa nyama.

Ukaitishwa mkutano kwenye ukumbi mmoja jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Baba alinichukua. Nakumbuka feni zilizokuwa zikipiga kelele kuliko kipaza sauti, na mgongo wa shati la Baba ulivyolowa jasho aliposimama.

"Mtupunguzie," alisema, "hata mkitufungia misimu kadhaa, sawa. Lakini askari wasikose mafuta. Pori lisilo na doria ni duka lisilo na mlango."

Watu walipiga makofi. Mkubwa aliyekaa meza ya mbele alitabasamu, akasema hoja ya mzee imepokelewa. Nilijivuna nusura nipasuke.

Haukupita muda mrefu, uwindaji wetu ukafungwa. Wenzake walimlaumu, mmoja akamwambia mbele ya wateja, "Mangi, umetuchongea." Baba alivumilia, akisema subirini, sasa kambi zitapata chao. Hazikupata. Vibali vilikoma, na kidogo kilichokuwa kikidondoka kambini kikakoma navyo. Nusu ya maneno yake, ile isiyowagharimu wakubwa kitu, ndiyo iliyosikilizwa.

Simu iliita Baba akimpimia fundi bomba. Alisikiliza, akauliza, "Gari je?" Kisha akaketi sakafuni, katikati ya vumbi la chuma.

Majangili walikuwa wamempiga mjomba Elia risasi ya paja. Jeraha la kupona, walisema wenzake. Gari la kambi halikuwa na mafuta, wakampakia kwenye baiskeli, wakaisukuma kwenye mchanga kuitafuta barabara. Damu ilimwishia njiani.

Tulimzika Moshi, kwenye kihamba cha babu, katikati ya migomba yake, mvua ikinyesha. Mama hakupiga yowe. Tuliporudi Dar alimwambia Baba neno moja tu, Baba akiwa anafungua kufuli la duka: "Ulichoomba umepewa, Baba Neema." Kisha hakumsemesha mpaka majira yakabadilika. Baba alirudisha bunduki polisi, Jumapili zikawa kimya, na Bwana Haresh akaacha madirisha yake wazi.

Wakubwa wakaitisha mkutano mwingine. Baba alisema haendi. Mama ndiye aliyefunga duka, akavaa gauni lake la kanisani, akanishika mkono. Baba alitufuata nyuma kama mgeni.

Mama hakuwahi kushika bunduki. Walipouliza nani ana la kusema, alisimama.

"Mume wangu aliwaambia mambo mawili," alisema. "Mlichukua moja. La pili lilikuwa mdogo wangu. Naomba mniambie, wenzake waliobaki kule, leo wana mafuta?"

Ukumbi ulinyamaza. Yule mkubwa aliinamisha kichwa, naye Baba akasimama kando ya mkewe. Mwishowe mwenyekiti alisema kwa upole, "Poleni sana, mama," akatangaza kwamba soda na maandazi viko tayari nje.

Nilikuwa mtoto, nikadhani kimya kile ni heshima, kwamba watu wazima wote wale walikuwa wanatafuta jibu linalomstahili Mama. Nimekaa kwenye mikutano mingi tangu hapo. Walikuwa wanamsubiri aketi.