Haki Aliyoisamehe Bi Masika

Jina lake la kuzaliwa ni Jenabai, lakini mtaani Yeoville, Johannesburg, wanamjua kwa jina la Bi Masika. Alipewa na mawifi zake kule Tanga, siku alipofika bi harusi mchanga kutoka India. Mvua ilikuwa inamwagika, naye akatoka akasimama uani mpaka nguo zikamganda mwilini. Walimcheka hadi machozi. Hawakujua kwamba kwao, wilaya ya Kachi, mbingu zilikuwa zimefunga kwa miaka.

Kachi ni nchi ya ukavu. Kaskazini kuna uwanda wa chumvi, mweupe, usioota hata jani. Upande wa huku kuna vijiji, kila kijiji na bwawa lake, na wafugaji wanaohama kufuata nyasi, na watu wanaokula mkate wa uwele kwa siagi kama siagi ipo. Serikali ilipanda miti ya miiba kuizuia chumvi. Miiba ikameza malisho, na chumvi ikaendelea na safari yake. Tangu enzi za mababu wanaume wa huko wamekuwa wakivuka kuja Afrika kutafuta. Baba yake hakuvuka. Ng'ombe walipomwishia alimwoza binti yake kwa mwenye duka wa Tanga, akamwambia, "Mvua ikirudi utakuja kututazama."

Mvua ilirudi, tena mara nyingi. Yeye hakwenda. Kwanza watoto, kisha duka likafilisika, kisha mume akafa. Tetemeko la mwaka 2001 lilipowafukia wazazi wake alikuwa bado Tanga, akiangalia vifusi kwenye televisheni ya jirani. Katika nyumba yao kilibaki kimesimama chumba kimoja tu, chumba cha mama. Mwisho mwanawe Luqman akamhamishia Johannesburg, anakouza vitambaa vya mapazia, na hapo bibi akawa na ombi moja lisilokwisha: akalale katika chumba kile, hata usiku mmoja, kabla hajafa.

"Biashara ikichanganya, mama, nitakukatia tiketi," Luqman alikuwa akisema kila mwaka.

Basi mwaka huu biashara ikachanganya kweli. Na kabla tiketi haijakatwa, Jusab akapiga simu. Huyu ni mdogo wake wa pekee, mtu ambaye hata sikukuu ya Idi humpita kimya. Sasa kinywa chake kilikuwa asali tupu: dada hivi, dada vile, dada afya yako. Kumbe kampuni ya umeme wa upepo imekuja kusimamisha mitambo kwenye shamba la baba, lile lile ambalo zamani hata mbuzi walilikimbia, na sasa kampuni inalilipia kodi kila mwaka. Wazee wa kijiji wangekaa Ijumaa. Dada asamehe tu fungu lake la urithi mbele yao, karatasi zitafuata.

Mgeni hawezi kulielewa jambo hili upesi. Dini inampa mwanamke fungu lake, na Wakachi wanalijua hilo vizuri sana. Ila kwao dada mwema hulisamehe, na akishalisamehe nyumba ya kaka ni yake mpaka kaburini: akifiwa atarudi, akiugua atarudi, hatakuta mlango umefungwa. Dada anayedai fungu hupata fungu na kumkosa kaka. Ndivyo alivyolelewa, na mimi naona ni mtego uliopakwa rangi ya heshima, lakini mimi si Mkachi.

"Eish, mama, chukua haki yako," Luqman alisema. "Kwa fungu hilo utajijengea nyumba yako huko huko."

"Nijenge kwetu kama mgeni?" alimjibu, na akakata shauri.

Ijumaa ilipofika, Jeannine alimshikia simu. Ni Mkongo wa Bukavu, anasuka watu nywele katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na mikono yake haitetemeki. Kwenye kioo walionekana wazee wamekaa mkekani. Bi Masika akajitanda vizuri, akatamka kwa Kikachi, kwa sauti kavu, kwamba amesamehe, na wazee wakasoma dua.

Jeannine alipoelezwa alishika kiuno. "Mama, ile shamba yote unamupatia bule?"

"Shamba sina haja nalo, mwanangu. Mimi nataka mlango."

Karatasi zikaja, akatia dole gumba. Luqman, kwa hasira na mapenzi, akakata tiketi. Bibi akanunua kanga za kuwapelekea wake wa wapwa zake, akazikunja na kuzikunjua, akawa anaimba jikoni. Kisha akamwomba Jeannine ampigie Jusab, ampe habari ya siku ya kufika.

Jusab alisikiliza. Asali ilikuwa imekwisha. "Chumba cha mama amepanga fundi wa mitambo, dada, na huku kwangu watoto wamejaa. Ukifika mjini Bhuj kuna nyumba ya wageni nzuri, ina chai ya asubuhi. Mwambie mwanao alipie mapema, msimu huu hujaa."

Simu ikakatika. Jeannine, asiyejua Kikachi, alikuwa bado anatabasamu kwa ajili yake.

"Anasema nini, Mama?"

Bi Masika alihisi aibu zaidi ya uchungu.

"Anasema wananingoja," alisema.