Maelezo ya Mwanzo

Kazi yangu ni kusoma faili za chombo cha angani kilichozimika zamani. Ninaifanya peke yangu, katika chumba cha kupanga hapa Hopkins, ughaibuni, dirisha likitazama magari yaliyofunikwa theluji.

Faili zenyewe si maandishi. Ukizifungua kama barua unaona vikorokoro tu. Lazima uandike programu ya kuhesabu baiti na kujua vipimo vinaanzia wapi. Mwanzoni mwa kila faili kuna maelezo: hiki ni kifaa fulani, hali yake ni hii, kisome hivi. Mimi maelezo hayo nilikuwa nayaruka. Nilishauzoea urefu wake, nikaiambia programu iruke baiti zilezile kila mara, iende moja kwa moja kwenye vipimo. Haraka hiyo niliiokota huku huku. Mtu wa huku akikuuliza hali hangoji jibu, nami kwa kiherehere changu nikawapita wenyeji.

Hata kwa mama. Kila Jumamosi asubuhi, kwao jioni, nilimpigia nikiwa na orodha mkononi: "Shikamoo mama. Fundi wa bati alikuja? Dawa za presha umepata?" Akishajibu, naaga. Dakika nne. Baada ya hapo wiki nzima sisemi Kiswahili na mtu, na upweke unaniuma kweli. Kuna siku nilijikuta nalisemesha birika.

Majira haya ya baridi nikapewa fungu jipya la faili za chombo hicho, na sayari ya barafu kilichoipima ikatoka na joto la kulishinda Jua. Nilimlaumu aliyezihifadhi, nikakilaumu hata kile chombo, siku nne nzima. Ijumaa ndipo nikasoma maelezo ya mwanzo. Yalikuwa yameongezwa mstari: kihisio kimoja kimekufa. Mstari huo ulikuwa umevisogeza vipimo vyote mbele, na mimi nilikuwa nausoma kana kwamba ndio joto. Niliona aibu, ingawa hapakuwa na wa kuniona.

Kesho yake nikampigia mama bila orodha. Shikamoo. Marahaba. Habari za nyumbani? Nzuri. Za majirani? Nzuri. Za kanisani, za mbuzi? Zote nzuri.

"Na wewe mwenyewe, mama?"

"Mzima, mwanangu. Ila jicho."

"Jicho limefanya nini?"

"La kushoto. Halioni tangu kabla ya Krismasi."

Kwetu habari huwa nzuri kwanza, hata msiba ukiwa sebuleni. Baya huja nyuma ya "ila," na kulifikia inabidi uulize mpaka mwisho. Najua hivyo tangu utotoni. Nilihesabu Jumamosi zilizopita tangu hapo.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi?" akajibu, wala hakukasirika. "Ulikuwa unauliza bati."