Masufuria ya Bi Biasha

Mtaani kwetu kote Kikwajuni, hapa Unguja, siku zile palikuwa na mwanamke mmoja tu mwenye masufuria ya kupikia watu mia, naye ni Bi Biasha, jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Harusi haikufana bila ya masufuria yake, wala maulidi. Mwenyewe alikuwa mfupi, mpana, mjane wa zamani, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko achari yake. Watu walimwogopa, wakamsengenya, kisha wakaja kumpigia hodi awapikie. Ndivyo tulivyo, hatuoni haya.

Nnataka kukuhadithieni mambo aliyoyafanya mwaka ule wa hamsini na nne, alipofariki Silima, mwendesha gari la ng'ombe.

Silima akibeba mbata, nazi zilizokaushwa, kutoka shamba kupeleka bandarini. Asubuhi moja alitoka mzima, akanywa chai yake, akamfunga ng'ombe wake Saburi kwenye gari, na kabla ya adhuhuri akarudishwa amelazwa juu ya magunia. Moyo, walisema. Aliacha mke, Sichana, na watoto watatu, mkubwa wao hajafika hata umri wa kutumwa dukani. Na aliacha ng'ombe. Mali yote ya nyumba ile ilikuwa na miguu minne na pembe moja imevunjika.

Tukazika. Maiti ya Muislamu haikosi wazikaji, alhamdulillahi, na matanga hayakosi walaji. Walikuja watu ambao Silima hata salamu yao hakuwahi kuisikia. Wakatandikiwa majamvi, wakakaa, na kilio chao kikakauka mara harufu ya wali ilipotoka uani. Mimi nimekua nikisikia kwamba jirani ndiye anayepeleka chakula kwenye nyumba ya msiba. Ah wapi! Wetu ni wa kwenda na tumbo tupu na kurudi wanajipangusa midomo. Kuna bibi mmoja, simtaji, alilalamika ati kahawa ya matanga ya Silima haina tangawizi. Mume wa mtu kafa, yeye anatafuta tangawizi! Gunia la mchele aliloliacha marehemu likaisha kabla machozi ya Sichana hayajakauka.

Waliokosa ni watoto. Wageni hulishwa kwanza, na wageni wakishalishwa hakibaki kitu. Bi Biasha aliliona hilo mapema. Tangu hapo kila asubuhi alipita mlangoni kwangu na bakuli la muhogo wa kuchemsha amelificha ndani ya buibui, akaingia kwa mlango wa uani, akawalisha watoto wale nyuma ya banda la ng'ombe. Alilificha kwa sababu alijua watu wa majamvini wakiliona, nalo litakwenda. Fikirini, mtu anaingiza chakula msibani kwa wizi!

Basi akatokea Msabah, kaka mkubwa wa Silima, kutoka Chwaka. Silima alipokuwa hai, Msabah alionekana Idi hadi Idi, na alipoonekana alikuja na kikapu kitupu. Sasa alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akakaa barazani akipokea pole kama anayepokea hongera. Akatangaza kuwa arobaini ya nduguye itasomwa khitma ambayo Unguja haijaiona, watu waje kutoka Chwaka na mjini kote, na atachinjwa Saburi. Wanaume wa barazani wakaitikia inshaallah kwa sauti moja. Hata msikitini sijawasikia wakiitikia hivyo.

Sasa Sichana afanye nini? Yumo eda, chumbani, kajifunika shuka mwili mzima, hatoki. Shemeji yake alimpa habari ile nyuma ya pazia, na akisema hapana, mji mzima utasema mwanamke huyu anamnyima mumewe thawabu. Nani atakayeuliza watoto watakula nini? Akanyamaza, na kwetu mwanamke akinyamaza huhesabiwa amekubali. Tulipoingia kumtazama jioni ile, mimi na Bi Biasha, alikuwa amempakata kitinda mimba wake, analia bila ya sauti.

"Jecha keshakubali kuendesha gari na kutuletea riziki mpaka nitoke eda," alisema. "Wakimla Saburi, Bi Biasha, wanangu ntawalisha nini?"

Huyo Jecha alikuwa mwenziwe Silima katika kazi ya magari, mtu mwaminifu. Bi Biasha alimpangusa mtoto makamasi kwa ncha ya kanga yake.

"Wewe kaa eda yako, mwanangu. Ya nje niachie mimi."

Nilidhani atakwenda kumtukana Msabah. Wallahi nilitamani. Badala yake, Msabah alipokuja kuomba masufuria, alimkaribisha, akampa kahawa, tena yenye tangawizi. Akamwambia masufuria atayapata, na kupika atapika yeye mwenyewe, ila ana sharti moja: ng'ombe apelekwe kwake, mchinjaji atamtafuta yeye, na mwanamume yeyote asikanyage ua wake mpaka chakula kitoke. Msabah akafurahi. Mtu asiyependa kazi huwa hapati tabu kukubali masharti ya namna hiyo. Kamba ya Saburi aliikabidhi kwa mkono wake.

Siku ya khitma watu walijaa hadi njiani. Uani kwa Bi Biasha masufuria matatu yalikuwa motoni tangu alfajiri, moshi unapanda, na anayechochea kuni ni mimi. Kila nilipotupa jicho barazani niliona pua zimeelekea kwetu. Majuzuu yalisomwa mbiombio siku ile. Mmoja alikuwa akifungua ukurasa kabla hajaumaliza ule aliokuwa nao.

Dua ikaombwa, mikono ikanawishwa, masinia yakatoka yamefunikwa kawa. Msabah akafunua la kwanza mwenyewe, kwa mbwembwe. Ndani yake mlikuwa na muhogo wa kuchemsha, wa chumvi, hata tui hauna. Akafunua la pili, muhogo. Watu nao wakafunua yaliyokuwa mbele yao, wakakuta muhogo.

Bi Biasha akasimama mlangoni na buibui lake, mbele ya wanaume wote, jambo ambalo kwetu mwanamke halifanyi.

"Hiki ndicho wanachokula watoto wa Silima tangu nyinyi mlipoumaliza mchele wao," alisema. "Karibuni. Ng'ombe ni wa mayatima, na hivi sasa yuko kazini Kidichi na Jecha, anabeba nazi. Anayetaka kula mali ya yatima amfuate huko huko, akale moto wake peke yake."

Mwenye kujua dini akainamisha kichwa, na asiyejua akamtazama mwenye kujua. Msabah akasema kavunjiwa heshima, akatafuta viatu vyake, akarudi Chwaka jioni ile ile. Wengine waliula muhogo kwa haya, na bibi wa tangawizi akafunga kipande kwenye kanga akenda nacho.

Mnadhani mtaa ulimshukuru? Thubutu! Walisema mwanamke yule hana adabu, kamwaibisha maiti. Wenye harusi wakaanza kuazima masufuria mtaa wa Malindi, na ya Bi Biasha yakakaa yamefudikizwa uani, kuku wanalala juu yake. Akawa anaishi kwa kukaanga visheti vya kuuza. Sikumsikia akijuta hata siku moja, na mimi nilikuwa nakasirika kwa niaba yake, mpaka akaniambia niache, nitapata presha bure. Sichana alitoka eda salama, watoto wakakua, na gari likawa linapita njia yetu, Jecha juu, Saburi mbele na pembe yake moja na nusu.

Mwaka wa hamsini na nane Bi Biasha naye akafa, kwa homa ya siku chache, akamwacha binti yake mmoja, Shemsa. Na waliokuja matangani ni nani? Wale wale! Waliomsengenya miaka yote wakajaza majamvi, wakisifu mkono wake wa kupika. Msabah alitoka Chwaka na kanzu yake ya pasi, akachagua pahala karibu na panapotokea masinia.

Lakini jikoni kwa Shemsa hamkuwa na moto. Sichana, ambaye siku hizo kahamia Mwembeladu, alikwisha kuja asubuhi akayapakia masufuria yale makubwa kwenye gari, akamwambia Shemsa nyumba ya mfiwa haipiki. Adhuhuri gari likarudi na masufuria yamejaa wali na mchuzi wa samaki. Akala kwanza Shemsa na wanawe. Ndipo wakapakuliwa wageni.

Sahani ya Msabah niliipeleka mimi mwenyewe.

"Kula, Msabah," nikamwambia. "Ukishashiba, toka umshukuru aliyekikokota chakula hiki mpaka hapa. Yuko nje, kafungwa kwenye mnazi. Ndiye yule uliyetaka kumchinja."

Msabah akachungulia dirishani. Saburi alikuwa amesimama anacheua. Akamtazama kidogo, akarudi kwenye sahani yake, akala mpaka punje ya mwisho. Kisha akaniuliza kama kuna ukoko.