Dawati la Malalamiko

Dada yangu ni mtu wa utaratibu, na tangu utotoni utaratibu wake umenikera. Sahani kabatini lazima zipangwe kwa ukubwa, viatu mlangoni lazima vitazame nje, na ukimkatiza akizungumza anairudia sentensi nzima toka mwanzo. Kabla ya vita alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Vita vilipokwisha, wakubwa walitafuta mratibu wa mageuzi ya polisi na mahakama wilayani kwetu. Walitaka mtu asiye na kundi, asiyekula rushwa na asiyechoka vikao. Sifa zote alikuwa nazo, ingawa kwa jinsi vikao vile vilivyokuwa virefu, hiyo ya mwisho peke yake ingetosha kumpa kazi.

Wakampa chumba juu ya duka la dawa lililoungua. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi nyeupe, lakini kila mvua iliponyesha weusi wa moshi ulijitokeza tena, naye akapaka tena. Watu wakambandika jina la Bi Utaratibu. Yeye alilipenda, wala hakujua kwamba nusu yao walikuwa wanamcheka.

Nyumbani tulibaki watatu: Mama, dada na mimi fundi simu. Wa nne alikuwa mdogo wetu, Kitinda, aliyechukuliwa wakati wa vita. Ilikuwa mchana kweupe, na dada hakuwepo nyumbani. Mama alikuwa ndiyo kwanza anamimina chai, akaja sajini wa polisi na vijana wake, akasema wana maswali mawili matatu tu ya kumwuliza Kitinda kituoni. "Atarudi chai haijapoa, mama," alisema. Mama aliifunika kwa kisahani. Sijui ni nani kati yetu aliyekuja kuimwaga, maana hatujawahi kulizungumza.

Mama hakutaka mtu afungwe. Alitaka kitu kimoja tu, aambiwe Kitinda alizikwa wapi. Na kwa mara ya kwanza njia ilikuwepo, tena aliyeichonga ni binti yake mwenyewe. Kila askari wa zamani alipaswa kuchujwa. Akilalamikiwa, anaitwa mbele ya jopo, anaapishwa, anaulizwa, na lazima ajibu. Asipolalamikiwa hadi siku ya mwisho, anahesabika msafi na anapewa cheti.

Dada aliilinda sheria moja kama mboni ya jicho lake. Mlalamikaji lazima aende mwenyewe, kwa uso wake, kwenye kituo cha askari anayemlalamikia. Alikuwa na sababu. Wakati wa vita watu waliuawa kwa minong'ono, jirani kamtaja jirani gizani, asubuhi nyumba haina mtu. "Hatutajenga haki kwa minong'ono," alikuwa akisema, na siwezi kusema alikosea.

Sheria nyingine ilitungwa kikaoni bila mabishano. Askari anayesubiri kuchujwa asishike bunduki, asiende doria. Lakini kumweka nyumbani na kumlipa bure ilionekana ni kuchezea fedha za umma, kwa hiyo wakakubaliana akae mezani. Na meza iliyokosa mtu, kila kituo, ilikuwa ile mpya, yenye kibao kipya: Dawati la Malalamiko. Watu wazima, wenye shahada zao na miwani yao, walizipitisha sheria hizo mbili asubuhi moja, wakaenda kula. Dada alikuwa miongoni mwao.

Mama alijiandaa kama anayekwenda harusini. Alipiga pasi gauni, akaniomba nimsindikize, kisha tulipofika kituoni akaniambia nisubiri nje, kwa kuwa binti yake alisema mlalamikaji aingie peke yake. Nilikaa kwenye benchi dirishani. Nilisikia kila neno.

"Shikamoo, mama. Karibu sana. Kaa hapa, kiti hiki kina mto. Nikusaidie nini?"

Niliitambua ile sauti kabla sijageuza shingo. Alikuwa yeye, yule sajini, amenenepa kidogo, sare mpya, kifuani jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa jinsi mageuzi yalivyoagiza. Na yale maneno yalikuwa ya dada yangu. Yeye ndiye aliyewafundisha kwenye semina, kiti kwanza, salamu, kisha swali. Alishatusimulia mezani jinsi sajini mmoja alivyofanya vizuri kuliko wote, mpaka wenzake wakampigia makofi.

"Marahaba," Mama alisema, akaukumbatia mkoba wake.

"Usiogope, mama. Hapa ni kwako. Umepoteza kitu?"

"Ndiyo," Mama alisema. "Nimepoteza kitambulisho."

Akamwandikia taarifa ya upotevu taratibu, kwa upole, akimwuliza jina, mtaa, nyumba ya rangi gani, namba ya simu. Mama alijibu yote. Kitambulisho chake kilikuwa ndani ya mkoba aliokuwa ameukumbatia. Nilitaka kuingia, nikashindwa. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, si kwa kutafuta huruma.

Dada aliposikia alipigwa na butwaa. Akaketi jikoni na kiatu kimoja mguuni. Asubuhi yake alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, mzee wa watu, mpole, akamwomba madawati yabadilishwe au malalamiko yapokelewe ofisini kwake.

"Sasa hivi, katikati ya zoezi?" mwenyekiti alimwuliza. "Na kwa ajili ya mama yako? Mwanangu, nikibadilisha leo kwa mama yako, kesho nitabadilisha kwa shemeji yangu. Wewe mwenyewe ungesemaje?"

Dada alikiri kwamba angesema hivyo hivyo. Aliporudi alituambia kwa sauti ya mtu ambaye hoja yake mwenyewe imeshinda, naye akapoteza kila kitu kingine. Mimi nilimfokea. Nilimwambia utaratibu wake aupike ale. Alinijibu kwamba akianza kuwapitishia ndugu zake mlango wa nyuma, basi vita havikuwa na maana yoyote, tutakuwa tumerudi kule kule. Nilimchukia siku ile. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Akambembeleza Mama arudi kituoni. Akaahidi kumsindikiza hadi mlangoni.

"Nirudi vipi?" Mama alisema. "Nimemwelekeza hadi rangi ya nyumba."

Na kweli, wiki ile ile sajini akabisha hodi. Alikuwa amekuja na kitambulisho kipya, amekileta mwenyewe, kwa sababu mageuzi yalihimiza huduma ya karibu na wananchi. Alisimama mlangoni pale pale aliposimama siku ile, kofia mkononi. Akatazama meza, akatazama viti.

"Nyumba nzuri, mama. Unaishi na nani?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa anakumbuka. Huenda alitishia. Huenda nyumba zilikuwa nyingi mno kwake, na yetu ilikuwa mojawapo tu. Mama alimshukuru. Tangu hapo ana vitambulisho viwili kabatini, na hakuthubutu tena hata kupita mtaa wa kituo. Nilipotaka kwenda mimi alinikataza, na dada, kwa kuwa ni mratibu, hakuruhusiwa kulalamika.

Siku ya mwisho ilipita. Dawati lile halikupokea lalamiko hata moja dhidi ya sajini, na taarifa ya mwaka ikalisifu kama dalili ya imani mpya ya wananchi.

Vyeti vilitolewa uwanja wa shule. Mwenyekiti aliugua ghafla, kwa hiyo mratibu akatoa kwa niaba yake. Nilikwenda, nikasimama nyuma. Dada alikuwa amevaa suti ya kijivu, akiita majina moja moja. Sajini alipofika mbele yake, alipiga saluti, akapokea cheti kwa mikono miwili, wakashikana mikono. Mpiga picha aliwaomba wasiachiane kwanza, mwanga haukuwa mzuri. Wakasimama hivyo. Nilimwona dada akifungua mdomo, nikasogea mbele bila kujijua. Kisha akaita jina lililofuata.

Jioni Mama alikuwa jikoni, anamimina chai. Dada aliingia, akavua viatu, akavigeuza vitazame nje.

"Alikuja?" Mama aliuliza.

"Alikuja."

"Ukampa mwenyewe?"

"Nilimpa, Mama. Ndiyo kazi yangu."

"Mkono mlishikana?"

Dada alitikisa kichwa kukubali.

Mama akaweka birika chini. Hakupandisha sauti, wala hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Sasa si ungemwuliza tu," alisema. "Umemshika mkono, mwanangu. Ungemwuliza kamweka wapi."

Dada alikaa. Mama akamsukumia kikombe, akasubiri anywe, na alipoona hanywi, akakifunika kwa kisahani.