Maharage ya Boksi Yasiyopita Kwenye Mvuke

Mwaka ule mtama ulipokauka ungali kimo cha goti ndipo shida ilipoingia nyumbani kwetu Mlali, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba aliuza ng'ombe wa mwisho, akaugua, akafariki kabla ya mvua nyingine. Nikapanda lori la mkaa kwenda Dodoma mjini kutafuta kazi. Niliishia darasa la nne, mwanangu, na sioni haya kulisema.

Kazi niliipata kwenye banda la kusindika vyakula la mzee mmoja mwenyeji wa Kondoa, Mzee Iddi, mtu mrefu, mkali, asiyekosa swala hata siku ya mzigo mkubwa. Tulikuwa tunajaza juisi ya zabibu na maharage ya kupikwa kwenye maboksi ya karatasi ngumu, haya unayoyaona dukani leo ukadhani ni kitu chepesi. Juisi haikunitisha. Zabibu ina uchachu wake. Unaichemsha, unaijaza ingali ya moto, unafunga boksi na kuligeuza kichwa chini ili ule umoto uguse na upande wa juu, imetosha. Maharage ni habari nyingine. Hayo unayajaza ya moto, unafunga, halafu boksi lenyewe linaingia kwenye pipa. Pipa ndivyo tulivyoliita sisi, ila lilikuwa chombo cha chuma kikubwa kama chumba, chenye mlango wa makomeo, na mle ndani maboksi yanapigwa mvuke wenye nguvu mpaka kile kinachojificha kwenye maharage kife. Kuchemsha kwa sufuria hakukiui. Kinabaki, kinasubiri boksi lipoe, kisha kinaanza kutengeneza sumu mle ndani.

Mzee Iddi alitufundisha hayo siku ya kwanza. Kila boksi la maharage lilikuwa na kistari cha rangi ya waridi ubavuni. Likipita kwenye pipa, kistari kinageuka cheusi. Ukiona waridi, halijapita. Hata mimi wa darasa la nne nilielewa.

Sasa pale bandani kulikuwa na desturi. Maboksi yaliyojikunja kwenye pipa hayauzwi, lakini chakula chake ni kizima, kwa hiyo yalikuwa yanawekwa kwenye rafu karibu na mlango, na anayetaka anachukua akampikie mboga mwanawe. Jumamosi moja nyapara wetu, Chilewa, alikuwa na haraka ya kwenda kwenye harusi. Akaona kwenye toroli maboksi yaliyojikunja. Akayagusa, akakuta yanaunguza, akasema haya yameshatoka, akayapanga kwenye rafu. Hakuangalia kistari. Na yalikuwa yanaunguza kweli, mwanangu, kwa sababu ndiyo kwanza yametoka kujazwa, yakajikunja wakati wa kufungwa. Boksi lililotoka kujazwa na lililotoka kwenye pipa yote yanauma kiganja vilevile. Mkono haujui.

Hayo yote tuliyajua baadaye. Siku ile Nyemo, msichana mwenzangu tuliyepanga naye chumba kimoja, alichukua maboksi mawili akaenda nayo Bahi, kwa mama yake anayemlelea mtoto wake. Mtoto anaitwa Yona, ndiyo kwanza anajifunza kupanga maneno. Jumapili Nyemo akarudi, Jumatatu tukaingia kazini kama kawaida.

Nilikuwa nafagia karibu na mlango asubuhi ile nikaona boksi limebaki kwenye rafu. Kistari ni waridi. Nikaligeuza, labda naangalia vibaya. Waridi.

Nikampelekea Chilewa. Akalitazama, akanitazama, akacheka mbele ya watu. Aliniambia mimi wa Mlali nimefika mjini juzi, chai tu bado naipuliza, leo nataka kumfundisha yeye kupika. Akachukua kisu, akalipasua lile boksi, akachota kijiko kimoja, cha pili, akala yakiwa ya baridi hivyohivyo huku wenzetu wakipiga makofi. Akafungua mikono. "Haya, nimekufa?"

Wakacheka. Mimi niliona maharage yameng'ang'ania kwenye ndevu zake.

Nikaenda ofisini kwa Mzee Iddi. Nikamwamkia, nikasema yote bila kupumzika. Akavaa viatu huku ananisikiliza.

"Nani amechukua kwenye hiyo rafu?"

"Nyemo, mzee. Amepeleka Bahi, kwa mama yake na mtoto."

"Na Nyemo anajua?"

"Bado. Yuko nyuma anaosha zabibu. Nimeona nianze kwako, nisije nikavunja utaratibu."

Hakupaza sauti. Heri angepaza. "Mimi ndiye ninayeyala hayo maharage? Ukiogopa kuhusu chakula, binti, anza na mwenye kijiko mkononi. Mimi bosi nitasubiri. Kamwite mwenzako."

Yale maneno yaliniingia mwilini. Nilikuwa nimejiona jasiri kwa kumruka nyapara, kumbe nilikuwa natafuta mahali pa kujikinga.

Mzee alimwamuru Chilewa aende hospitali saa ileile. Chilewa akajibu ndiyo, mzee, akachukua koti lake, akaenda nyumbani kulala. Mimi nikamweleza Nyemo yote, kisha sisi wawili na Mzee tukapanda pikapu kuelekea Bahi. Simu wakati ule zilikuwa za wenye nazo, na mama yake Nyemo hakuwa nayo. Njiani Mzee alitueleza dalili, ili tukifika tujue cha kutazama. Kope zinaanguka. Mtu anaona vitu viwiliviwili. Ulimi unakuwa mzito, kumeza kunashindikana, mwisho pumzi. Nilitamani asingesema. Nyemo alikuwa katikati yetu, amebana mikono katikati ya magoti. Aliuliza mara moja tu, "Na kama amekula kidogo?" Mzee akaendelea kuendesha.

Tulipoingia uani tulimkuta Yona anavuta boksi tupu kwa kamba, amelifanya gari. Nyemo akakaa chini palepale vumbini. Mama yake akatoka jikoni akidhani tumeleta habari ya msiba, akawa anauliza ni nani, ni nani. Nikaongea mimi. Akasema boksi moja amelifungua jana, la pili lipo ndani. Akalileta. Lilikuwa limevimba ubavu kama shavu la mtu mwenye jino bovu.

"La jana ulilipikaje, mama?" Mzee Iddi akauliza.

Akasema meno hana, kwa hiyo aliyamimina chunguni akayachemsha tena muda mrefu mpaka yakawa uji. Nikaona mabega ya Mzee yanashuka kidogo, kwa sababu ile sumu yenyewe, tofauti na kinachoitengeneza, inaharibika ikichemshwa sana. Halafu akauliza tena, taratibu, kama mtoto hakuonja kabla ya kuchemshwa.

Yule mama alimtazama mjukuu wake, kisha akatutazama.

"Boksi alililamba," akasema. "Nilipomaliza kumimina nilimpa achezee. Akawa analamba pembeni."

Tulirudi Dodoma wote, mtoto na bibi yake, moja kwa moja hospitali. Hapo ndipo nilipojua woga ni nini. Njaa ya Mlali haikuwa woga, ilikuwa njaa. Mtoto akisinzia kama watoto wote wanavyosinzia, kope zikishuka, Nyemo anamtikisa. Analia, ananyamaza, anasinzia, Nyemo anamtikisa tena. Mpaka daktari akamshika mkono Nyemo akamwambia mwache alale, sisi tunamwangalia. Nyemo akamwachia, lakini hakuondoa macho kwenye zile kope.

Kesho yake ndugu zake Chilewa walimleta wamemshika kwapani. Mimi nilikuwa nimesimama peke yangu mlangoni. Akainua kichwa, akafungua jicho moja kwa kidole, akaniuliza kwa sauti nzito ya mlevi, "Huyo mwenzako ni nani?"

Nilitazama pembeni yangu, hapakuwa na mtu.

Yona alipona, au niseme hakuugua. Alikaa pale siku kadhaa akaruhusiwa akiwa anadai gari lake. Chilewa walimwekea mashine ya kupumulia. Tulimzika kwao kabla zabibu za msimu ule hazijaisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, kisha akaona haya kukubali.

Sasa nisikilize. Nawaona mnanunua mashine ndogo za kujazia, mnapanga vibanda, mnaweka picha nzuri kwenye boksi. Fanyeni. Ila mkono usiwe kipimo chako, wala ulimi. Tazama kistari, tazama geji ya pipa, ile saa inayopima nguvu ya mvuke, na kama hujui, mwaga. Maboksi mabichi na yaliyopita kwenye mvuke yasikutane njia moja. Yaingilie mlango huu, yatokee ule. Mtu akikucheka mbele ya watu kwa sababu umeogopa, ogopa zaidi. Na ukishaogopa, mkimbilie kwanza anayekwenda kula, hata kama ni usiku, hata kama atakutukana. Bosi, nyapara, ofisi, hao baadaye.

Mimi leo nina banda langu la kusindika, pipa la milango miwili, boila, shamba la zabibu Hombolo, nyumba ya matofali, ng'ombe na pikapu. Desturi ya rafu sikuiweka. Boksi lililojikunja kwangu linafukiwa.

Mwanangu, Mungu akupe kazi ya mikono yako, akupe na woga wa kukutosha, na kila atakayekula ulichokifunga wewe aamke salama.