Bortolo Achorwa Mungu

Bortolo, mvushaji watu wa Venisi, alikuwa na tumbo la kutosha watu wawili. Basi mchoraji Vettore alipomtaka akae kifua wazi, aegemee nyuma, mkono mmoja umekamata kasia, hakuuliza anachorwa kama nani. Aulize nini? Mtu wa mashua, na kasia mkononi, atakuwa nani kama si Neptuno, mungu wa bahari?

Asubuhi tano alikaa pale, harufu ya mafuta ya rangi ikimpanda kichwani, akimvunja mchoraji mbavu kwa visa vya abiria, na mwenyewe akicheka kuliko msikilizaji. Kivukoni ilikuwa habari nyingine. Wavushaji walikuwa karibu kumchagua mkuu wao, na cheo hicho Bortolo alikitaka kufa na kupona. Kwa hiyo alijitia heshima: hacheki na mtu, hatanii mtu.

"Haya, mtachagua mungu, au mtamchagua Zanpiero?" aliwauliza wenzake. Zanpiero ndiye aliyekuwa mpinzani wake, mwembamba, mwenye ulimi wa wembe.

Sikukuu ya Kupaa, wachoraji walipotundika kazi zao uwanjani, Bortolo akawakokota wavushaji wote thelathini wakamwone, pamoja na mkewe Orsola.

Lahaula! Neptuno hayupo. Aliyepo ni Sileno, yule mzee mlevi aliyemlea mungu wa divai, kapanda punda, tumbo nje, anacheka hadi magego yanaonekana. Pale palipokuwa na kasia pana bega la jitu lenye miguu ya mbuzi, linamshikilia asianguke. Na sura ni ya Bortolo, mpaka chunjua la puani.

Watu waliangua kicheko.

"Shikamoo, Neptuno," alisema Zanpiero. "Bahari imekauka lini hata ukapanda punda?"

Masikio yalimwaka moto Bortolo. Cheo alikiona kinakwenda zake.

"Twende nyumbani, mama," alimnong'oneza mkewe.

"Nenda wewe. Mimi namtazama mume wangu," Orsola alijibu. "Yule wa nyumbani miezi miwili sasa kanuna, sijui kameza nini. Huyu ndiye aliyenioa."

Bortolo akainua macho tena, taratibu. Akakitambua kicheko kile, ni cha siku ile alipomsimulia mchoraji kisa cha padri na bata. Tumbo likaanza kutikisika kabla ya mdomo.

"Jamani," alisema, "wa kuhurumiwa hapa ni punda."

Wakacheka naye mpaka wengine wakakaa chini.

Kesho yake walimpigia kila mgombea kura yake kwa vifundo vya kitambaa, visitoe mlio vikidondoka sandukuni: chekundu kumkubali, cheupe kumkataa. Zamu yake ilipofika, Bortolo hakuthubutu kutazama. Sanduku likamiminwa mezani: vyekundu vitupu, hata cheupe kimoja hakikuonekana.

Akamgeukia Zanpiero, machozi yanamtoka. "Hata wewe?"

"Neptuno ningemnyima," alisema Zanpiero. "Huyu wa kwenye punda ndiye ninayemjua."